Je, wajua kwa nini ukoka, wala si asumini, ndio unaokupigisha chafya?

Masika yakianza kupungua, kiasi cha Juni, wako watu Mombasa wanaoamka na chafya za mfululizo, macho mekundu na kaakaa linalowasha. Mara moja lawama huangukia kinachonukia: asumini ya kibarazani, mlangilangi wa jirani, mwembe uliochanua. Huko ni kumwonea asiyehusika. Ua lenye rangi na harufu linaita nyuki, nondo au nzi, na chavua yake ni nzito na inanata ili ishike mwilini mwa mdudu. Haipeperuki mbali. Harufu yenyewe yaweza kuikera pua iliyokwisha vimba, lakini kukereka si mzio (aleji).

Mkosaji hasa ni mmea usio na haja ya mdudu. Ukoka wa uwanjani na nyasi za kando ya barabara huzaliana kwa upepo, kwa hiyo humwaga chavua kavu, nyepesi, tena kwa wingi, maana sehemu kubwa itapotea njiani. Punje moja ni nyembamba kuliko unywele. Mvinje nao ni mti wa upepo, na Mombasa haina upungufu wa mivinje: iko ufuoni, na iko Bamburi, ambako machimbo ya saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 hadi pakawa Haller Park.

Aliyeithibitisha hatia ya nyasi ni daktari Charles Blackley wa Manchester, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1873. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, basi akajipaka chavua puani na kwenye ngozi iliyokwaruzwa, kisha akarusha tiara zenye vioo vya kunata apate kujua ni chavua kiasi gani iliyo juu angani.

Kinachotokea puani ni kosa la ulinzi wa mwili. Kinga huidhania protini ya chavua kuwa adui, ikatengeneza kingamwili za aina ya IgE, nazo hukaa juu ya seli za ngozi laini ya pua na macho. Chavua ikigusa tena, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini ndani ya dakika chache. Mishipa midogo hupanuka na kuvuja maji, neva zikaanza kuwasha. Ndiyo sababu makamasi ya mzio ni maji matupu, hayana joto la mwili wala maumivu ya viungo, na hudumu wiki kadhaa. Mafua ya virusi kwa kawaida huisha siku 7 hadi 10.

Lakini anayepiga chafya mwaka mzima, hasa alfajiri akiwa bado kitandani, asikimbilie kulaumu nyasi. Huenda shida yake ni utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula magamba ya ngozi na kufyonza maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ya pwani unavifaa sana. Huyo afue shuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na afute mapanga ya feni kwa kitambaa chenye maji; kuyapangusa makavu ni kujimwagia vumbi usoni. Neti ya mbu nayo hubeba vumbi juu ya pua usiku kucha. Ifuliwe kila miezi mitatu hivi kwa sabuni ya kawaida na ianikwe kivulini. Ukiifua kila wiki utaitoa dawa, kwa sababu neti za dawa ya kudumu zimetengenezwa kustahimili kufuliwa mara 20 hivi.

Tukirudi kwa chavua, msimu wake hufuata mvua. Nyasi hunyanyuka wakati wa mvua, na wiki chache baadaye hutoa masuke. Basi tazama mwisho wa masika, kisha tena baada ya vuli kaskazi inapoanza kukausha hewa. Mvua ya taratibu huisafisha hewa. Ile ya radi ni jambo jingine: punje hunyonya maji zikapasuka vipandevipande vidogo vinavyoweza kushuka hadi mapafuni. Mjini Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, radi ya namna hiyo iliwapeleka maelfu hospitalini kwa kukosa pumzi, na watu wapatao kumi wakafa. Mwenye pumu akiona wingu la radi msimu wa masuke, aingie ndani, afunge madirisha, na kipulizio chake kiwe karibu.

Siku za kawaida, kufunga madirisha yote Mombasa ni adhabu. Afadhali uchague upande. Kusi hutoka baharini, kwa hiyo dirisha linalotazama bahari, pasipo mivinje mbele yake, huingiza hewa safi kuliko lile la upande wa uwanja wa nyasi. Uwanja ukikatwa nyasi, toka kabisa. Na kama wewe ndiye mwenye shamba, kata kabla masuke hayajatoka. Nguo zisianikwe nje siku ya upepo mkavu. Buibui na kanzu za kutokea zitundikwe karibu na mlango, zisifike kitandani, na nywele zioshwe kabla ya kulala. Miwani hupunguza chavua machoni. Barakoa iliyobana uso husaidia kuliko leso iliyotupwa begani, hasa ndani ya tuktuk. Usiku ule wenye pua iliyoziba, udi na dawa ya mbu ya kuchoma vipumzishwe.

Kuosha pua ni tiba rahisi inayofanywa vibaya. Chemsha maji, yatokote dakika moja kamili, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Kwa nusu lita tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, na magadi soda kidogo, robo ya kijiko, yasiunguze. Inama juu ya sinki, pinda kichwa upande mmoja, pumua kwa mdomo, mimina taratibu katika tundu la juu yatokee la chini. Yanayobaki yasikae zaidi ya siku moja. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, kwa sababu hujui chumvi yake ni kiasi gani, na yasiyochemshwa yaweza kuwa na viini hatari. Ya bahari ndiyo kabisa: chumvi yake ni karibu mara nne ya ile ya mwili.

Kwa dawa, setirizini au loratadini ya miligramu 10 mara moja kwa siku humtosha mtu mzima; kipimo cha mtoto kiulizwe kwa mfamasia. Piriton hufanya kazi lakini inalaza, haimfai dereva wala mwenye bodaboda. Pua iliyoziba kweli hutaka dawa ya kupulizia yenye steroidi, kila siku, na nguvu yake kamili yaweza kuchukua hadi wiki mbili. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Wengine huielekeza katikati ya pua, ikatoka damu; tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza upande wa sikio, wala usivute kwa nguvu. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi ukiyaacha.

Na asali, ambayo wengine huiita dawa ya mzio wa chavua? Ni tamu, ila nyuki hukusanya chavua ya maua yaleyale yasiyo na hatia.

Kifua kikibana, ukaanza kupumua kwa mlio kama wa filimbi au kushindwa kumaliza sentensi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kama ni kuchoka kubahatisha tu, omba kipimo cha ngozi: matone ya vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio, huwekwa mkononi, ngozi ikachomwa kidogo, na ndani ya dakika 15 hadi 20 uvimbe humtaja mkosaji. Dawa za setirizini na mfano wake ziachwe wiki moja kabla, kwa idhini ya daktari, kwani zikiwemo mwilini ngozi hunyamaza hata penye mzio.