Je, wajua E3 kwenye jiko la indaksheni haikutajii kifaa kilichoharibika?

Umebandika sufuria, umebonyeza kitufe, na badala ya maji kuanza kuchemka jiko linalia pii, pii, kisha linaandika E3, msimbo wa hitilafu. Wengi hukimbilia simu kutafuta maana yake, na mkanganyiko unaanzia hapo. Jibu la kwanza linasema sensa ya joto imekufa. La pili linasema umeme umezidi. La tatu linasema hakuna sufuria. Yote matatu yanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mtengenezaji hujipangia misimbo yake. E3 ya jiko lako siyo E3 ya jiko la jirani, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha maana kutoka toleo moja hadi jingine. Kijitabu kilichokuja na jiko ndicho cha kuaminiwa.

Lakini hata kijitabu kikikupa maana kamili, bado hujajua kilichoharibika. Msimbo unaeleza kile ambacho chipu ya jiko imekiona, basi.

Tuondoe kwanza yasiyo hitilafu. Kwenye majiko mengi herufi H ina maana kioo bado ni cha moto, usikiguse. L, Lo au alama ya kufuli mara nyingi ni kinga ya watoto, mtu kaiwasha bila kujua. Hayo hayahitaji fundi.

Sasa, chipu inaonaje? Inachoweza kupima ni volti tu, kwa hiyo kila jambo, liwe joto, sufuria au nguvu ya umeme, lazima ligeuzwe kuwa volti kabla ya kuifikia. Chukua sensa ya joto. Kioo cha jiko kikiinuliwa, katikati ya koili ya shaba, yaani waya uliozungushwa unaopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, kuna kifaa kidogo kama punje ya mchele, kimepakwa grisi nyeupe na kugandamizwa chini ya kioo, na nyaya mbili nyembamba zinatoka hapo kwenda kwenye bodi yenye chipu. Ukinzani wake, yaani namna kinavyouzuia umeme, hushuka kadiri joto linavyopanda. Aina moja inayotumika sana huwa na kilo-omu 100 kwenye nyuzi joto 25, na kwenye nyuzi 100 hubaki chini ya kilo-omu 10. Sensa hiyo huunganishwa na rizista, kifaa chenye ukinzani usiobadilika, mara nyingi kwenye umeme wa volti 5, na chipu husoma volti iliyopo pale viwili hivyo vinapokutana.

Waya mmoja ukikatika, volti hiyo hukimbilia upande mmoja kabisa, kana kwamba jikoni kuna baridi ya kugandisha kila kitu. Nyaya zikigusana, hukimbilia upande wa pili, kana kwamba sufuria inawaka moto. Aliyeandika programu alijua kwamba hakuna jiko linalofikia hali hizo, akaiamuru chipu: ukisoma hivi, zima koili na uandike msimbo fulani. Angalia sasa ni mambo mangapi yanayoleta usomaji huohuo: sensa yenyewe imekufa, plagi yake ndogo imelegea kwenye bodi, lehemu imepasuka kwa kupanuka na kusinyaa, unyevu umeingia, au ile rizista imeharibika. Ndiyo maana mtu hununua sensa mpya, akaifunga, na msimbo ukarudi uleule.

Hali ni hiyohiyo kwa macho mengine ya jiko. Kuna sensa ya pili kwenye kipoza joto, karibu na IGBT, ile transista kubwa inayowasha na kuzima umeme wa koili zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Kuna njia inayopima umeme unaotoka ukutani. Na kuna namna ya kujua kama sufuria ipo: jiko hurusha mpigo mfupi kwenye koili na kutazama mtikisiko wa umeme wake unavyofifia. Chuma kikiwepo juu, hunywa nishati hiyo na mtikisiko hufa upesi. Kisipokuwepo, huendelea kwa muda. Sufuria ya alumini pekee haiwezi kutoa jibu ambalo jiko la kawaida linalitaka, hata iwe nzito namna gani. Kipande cha sumaku kikinata vizuri chini ya sufuria, huenda tatizo liko kwingine.

Kwa maoni yangu, swali lenye faida kuliko "ni msimbo gani" ni "umetokea lini". Msimbo unaojitokeza mara tu jiko linapochomekwa, kabla ya kitu chochote kupata moto, hauwezi kuwa joto la kweli kupita kiasi. Hapo shuku sensa, nyaya zake au bodi. Unaotokea dakika kumi baadaye, ukapotea jiko likipoa, unanuka feni. Sikiliza: feni inazunguka? Matundu ya hewa chini ya jiko yamezibwa na vumbi lililochanganyika na mafuta? Jiko limewekwa juu ya kitambaa? Sufuria tupu au kavu nayo huleta alama ya joto, lakini kwa haraka zaidi, na kwa haki. Msimbo wa volti unaokuja saa ambazo kila mtu anatumia umeme, kisha usiku wa manane jiko likafanya kazi bila shida, ni wa kuangaliwa kwenye umeme wa nyumba na soketi kabla ya kulifungua jiko lenyewe.

Kuna mtego mmoja hapa. Baadhi ya majiko hayatangazi mara moja kwamba waya wa sensa umekatika, kwa sababu kwa chipu sensa iliyokatika na sensa yenye baridi sana zinafanana. Jiko hupika kwanza kwa muda, likitazama kama joto litapanda. Lisipopanda, ndipo linalalamika. Ukikutana na msimbo wa sensa unaochelewa hivyo, usiikatae dhana ya waya uliokatika kwa sababu tu jiko lilianza vizuri.

Vitufe vya kugusa vina vituko vyao. Vinatambua kidole kwa badiliko dogo la umeme chini ya kioo, na tone la maji au kitambaa kibichi huonekana kama kidole kisichotaka kuondoka. Futa, kausha, subiri kidogo.

Kuzima ukutani na kuwasha tena kuna maana, ila kuzima kwa sekunde moja hakutoshi. Kapasita za bodi, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, zinaweza kuiweka chipu hai kwa muda baada ya umeme kukatwa, kwa hiyo subiri dakika kadhaa ndipo chipu ianze upya kweli. Lakini kama umetoka kupika, iache feni imalize kupoza kwanza. Msimbo ukirudi palepale ulipotokea awali, hitilafu ni ya kweli, na kurudia kuzima na kuwasha ni kujichosha.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: jiko linaloandika msimbo lina afya kiasi. Chipu iko hai na umeme wake mdogo upo. Jiko lililokufa kimya, bila hata taa, huenda fyuzi yake imeungua, na mara nyingi fyuzi hiyo iliunguzwa na IGBT iliyopiga shoti. Kubadilisha fyuzi peke yake ni kuunguza fyuzi ya pili. Hiyo si kazi ya mtu asiye fundi: umeme wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya jiko, yaani kufanywa utiririke upande mmoja tu, hufikia kilele cha volti 325 hivi, na kapasita zinaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Kioo kikipasuka pia, acha kutumia jiko, maana maji yakipenya yanakutana na umeme huo.

Ukimwita fundi, mpe msimbo kama ulivyoandikwa, jina la toleo lililo kwenye kibandiko chini ya jiko, na wakati unapotokea. Akishafungua, kipimo cha kwanza cha sensa ni cha dakika chache: jiko limechomolewa na kapasita zimetolewa chaji, anachomoa plagi ndogo ya sensa, anaweka mita ya kupima ukinzani kwenye nyaya mbili, kisha anaibana sensa kwa vidole. Namba inapaswa kushuka taratibu kadiri joto la mkono linavyoingia. Ikishuka vizuri bila kurukaruka, sensa haina kosa, na inayofuata kukaguliwa ni plagi na lehemu za upande wa bodi.