Injini ya tustroki kusizi ni nini hasa

Ukisikia mtu anasema piki yake imesizi, manake pistoni imenata ndani ya silinda, haipandi haishuki, ukikanyaga kiki haiendi popote. Huku Malindi watu wengi wamezoea boda za fostroki, so wakipata ile piki ya tustroki ya kurukia michanga wanadhani ni mambo yale yale, kumbe sivyo.

Tustroki, yaani injini inayomaliza kazi kwa mipigo miwili ya pistoni badala ya minne ya fostroki, haina oili yake ya injini inayokaa chini. Oili unaichanganya na petroli kwa tangi, na huo mchanganyiko unapita kwenye krenki kwanza, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, unalainisha beringi na pistoni na ukuta wa silinda, ndo unapanda juu kuungua. Ile oili ya giaboksi ni nyingine kabisa, haifiki huko. Kwahivyo injini ikikosa petroli imekosa na oili hapo hapo, hata ukishuka mteremko mrefu umefunga mafuta na gea imeshika, injini inazunguka mbio huku haipati kitu cha kuilainisha.

Sasa pistoni ni aluminiamu, na silinda za zamani nyingi zina slivu ya chuma, yaani bomba la ndani, na aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Nafasi iliyopo kati yao kwa kawaida haifiki hata milimita 0.1. Joto likizidi, nafasi inaisha, utando wa oili unakatika, aluminiamu inaanza kujipaka kwenye ukuta mpaka inashika. Ukiwa mwendoni tairi ya nyuma inajifunga ghafla, vuta klachi haraka au utakula mchanga.

Na mchanga wenyewe ndo balaa. Kule kwenye matuta ya Mambrui piki inalia kwa gea ya pili, mwendo ni wa pole, upepo hauingii kwenye rejeta inayopoza maji ya injini, na rejeta yenyewe pengine mapezi yameziba matope na chumvi. Wenzetu wa Lamu wenye mashine za boti za tustroki wanaijua hii kwa njia yao, impela, ile feni ndogo inayosukuma maji ya kupoza, ikiharibika ama karatasi ikiziba njia ya maji, kile kijimkondo cha maji kinachotoka pembeni kinakatika na kama hujazima mapema mashine imekwisha.

Ikishasizi usiilazimishe na kiki. Wengine wanangoja ipoe, inajiachia, wanawasha wanaenda zao, lakini ile aluminiamu ishapakwa na itashika tena. Fungua hedi, toa silinda, alafu tafadhali usimuache fundi aitupe pistoni ya zamani kabla hujaiangalia, manake hiyo ndo shahidi wako. Imekwaruzika upande wa ekzosi peke yake? Mara nyingi ni petroli kidogo hewa nyingi, ama joto limezidi. Imekwaruzika pande nne kwa mistari iliyosimama? Uliiwasha baridi ukaivuta kabla haijapata moto. Imekwaruzika kuzunguka kote, hapo shuku oili. Na plagi ikiwa nyeupe pepepe, hewa inaingia mahali, angalia raba ya kabureta na oili sili (raba ya kuziba shafti) ya upande wa magneto, ule wa kuzalisha umeme, zipake maji ya sabuni, ziba njia zote, tia upepo kidogo sana uone povu linapotokea. Mimi naona hapa ndo kazi yenyewe ilipo, kubadilisha pistoni kila fundi anaweza, lakini kama sili inavuta hewa hiyo pistoni mpya nayo itasizi.

Kuna watu wakishaunguza injini wanaongeza oili mara mbili eti usalama. Kwa jeti ile ile, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, oili ikizidi petroli inapungua, unajirudisha kwenye shida. Fuata kipimo cha piki yako, kama ni 40 kwa 1 basi lita 5 zinataka mililita 125, pima na chupa yenye alama sio kifuniko.

Kuunda upya: silinda ya slivu ya chuma inaborwa, yaani inachongwa ndani iwe pana, inavishwa pistoni ya saizi ya juu, lakini ile iliyopakwa nikasili, utando mgumu wa ukuta wa ndani, haiborwi hivo, aluminiamu inatolewa na asidi kwa uangalifu na kama ule utando wa nikasili umechubuka itabidi ipakwe upya ama ununue nyingine. Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ivute juu chini, ikicheza hata kidogo krenki nayo inataka kazi. Osha ndani vumbi lote la aluminiamu litoke. Vibanio vya pini ya pistoni weka vipya kila mara, mshale wa pistoni uangalie ekzosi, na ncha za ringi, zile pete za pistoni, zikae kwenye vipini vyake manake zikihama zitanasa kwenye matundu ya silinda.

Ukiiwasha mara ya kwanza iache ipate moto polepole, zima, ipoe kabisa hadi ushike silinda na mkono, rudia hivo mara kadhaa, na tangi la kwanza uendeshe barabara ngumu bila kuivuta sana, michanga ya Mambrui baadaye.