Meneja wa besiboli huanza kukalia kuti kavu kabla ya msimu

Kila Februari, timu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zinapokusanyika Florida na Arizona kujiandaa na msimu mpya, wachambuzi hutaja mameneja ambao vibarua vyao viko hatarini, na wengi wao huanza kwa kuhesabu ushindi wa mwaka uliopita. Mimi huanza na maswali mawili: mkataba wa meneja unaisha lini, na je, aliyemwajiri bado yupo ofisini?

Swali la pili ndilo zito zaidi. Meneja wa besiboli hasajili wachezaji. Hiyo ni kazi ya meneja mkuu au rais wa masuala ya besiboli. Yeye hukabidhiwa kikosi, kisha katika michezo 162 ndani ya takriban miezi sita huamua nani aanze, wapigaji wafuatane vipi, na mrushaji aliyechoka atolewe lini. Kikosi kikiyumba, bosi aliyekijenga hawezi kuwatimua wachezaji wote, lakini anaweza kumtimua meneja kwa simu moja, na kama meneja huyo aliletwa na mtangulizi wa bosi, uamuzi huo haumvunjii bosi heshima hata kidogo.

Msimu wa 2022 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Joe Girardi, aliyetwaa ubingwa na New York Yankees mwaka 2009, na Joe Maddon, aliyeipa Chicago Cubs ubingwa wa 2016, waliajiriwa mwezi mmoja, Oktoba 2019, kila mmoja kwa mkataba wa miaka mitatu: Girardi Philadelphia Phillies, Maddon Los Angeles Angels. Mwaka uliofuata mameneja wakuu waliokuwapo wakati wa kuwaajiri, Matt Klentak na Billy Eppler, waliondoka katika nyadhifa zao. Kwa hiyo wote wawili waliuanza mwaka wa mwisho wa mikataba yao chini ya mabosi ambao hawakuwachagua.

Hali ya Girardi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Machi ile rais wake, Dave Dombrowski, alimsajili Kyle Schwarber kwa dola milioni 79 na Nick Castellanos kwa dola milioni 100, na kikosi cha fedha nyingi hivyo hudaiwa ushindi. Klabu ilikuwa na hiari ya kumwongezea Girardi mwaka 2023, lakini msimu ulianza bila hiari hiyo kutumika. Mei 5, Phillies waliingia kipindi cha tisa, ambacho ndicho cha mwisho, wakiongoza 7-1 dhidi ya New York Mets, wakaruhusu alama saba na kulala 8-7. Meneja mwenye mkataba mrefu angeweza kuvumiliwa usiku kama ule. Kwake ulikuwa ushahidi mwingine katika faili lililofunguliwa tangu majira ya baridi. Juni 3 alifutwa kazi, timu ikiwa imeshinda michezo 22 na kupoteza 29.

Siku hiyohiyo Phillies waliwakaribisha Angels wa Maddon na kuwachapa 10-0, kisha wakawafunga katika michezo miwili iliyofuata. Angels walikuwa wameanza vizuri, ushindi 27 dhidi ya vipigo 17, lakini walipofikisha vipigo 12 mfululizo, Juni 7, kibarua cha Maddon nacho kikaota nyasi.

Nakiri kwamba mkataba mpya peke yake si kinga. Aprili mwaka huohuo Toronto Blue Jays walimwongezea Charlie Montoyo mkataba hadi 2023, na Julai wakamfukuza akiwa na ushindi 46 na vipigo 42. Aliyemfukuza ni Ross Atkins, bosi yuleyule aliyemwajiri. Pale kilichomponza ni matarajio: kikosi kilihesabiwa miongoni mwa vilivyo bora katika ligi, na ushindi wa nusu na ushei haukutosha.

Kwa upande wa Phillies, msaidizi Rob Thomson alipokea kikosi kilekile, akashinda michezo 65 na kupoteza 46, akakifikisha hadi World Series, fainali ya ligi hiyo, ambako kilifungwa na Houston Astros. Oktoba, mechi za mchujo wa kuelekea fainali hiyo zikiwa bado zinaendelea, alipewa mkataba hadi 2024, na safari hii uamuzi ulikuwa wa Dombrowski mwenyewe.