Kabla hujanunua kifurushi kikubwa, angalia foleni

Wenye laini moja ya intaneti na kompyuta nne au tano nyumbani hunijia na lalamiko lilelile: kasi waliyolipia hawaioni. Wengi wanataka kuongeza kifurushi. Mimi huwaambia wasubiri kwanza.

Kwa kawaida laini ya nyumbani huja na anwani moja tu ya IP, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Ruta ndiyo inayoigawia kila kompyuta anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.10, kutoka kwenye mafungu yaliyotengwa rasmi kwa mitandao ya ndani. Kompyuta ikituma ombi, ruta inaweka anwani yake ya nje badala ya ile ya ndani, kisha inaandika kwenye jedwali lake nani kaomba nini na kwa poti ipi (namba ya mlango wa mazungumzo hayo). Jibu likirudi, inasoma jedwali na kulipeleka kwa mwenyewe. Njia hii inaitwa NAT. Kazi hiyo ni nyepesi, na ruta ya kawaida haichoshwi na kompyuta tano.

Kinachoumiza ni njia ya kupandisha data. Laini nyingi zinashusha kwa kasi kubwa na kupandisha kwa kasi ndogo. Chukua laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde. Kompyuta moja ikianza kuhifadhi picha mtandaoni, faili za megabaiti 100 zitachukua karibu dakika saba, na muda wote huo modemu inazirundika kwenye kumbukumbu yake. Rundo la kilobaiti 256 tu linachukua sekunde nzima kutoka. Sasa mwingine anafungua ukurasa. Ombi lake ni dogo mno, lakini linakaa nyuma ya rundo lile, kama mtu wa kutoa noti moja benki aliyetanguliwa na mwenye gunia la sarafu. Kifurushi chenye kasi kubwa zaidi ya kushusha hakimsaidii huyu.

Jipimie mwenyewe. Fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda kwenye seva ya Google na kurudi (kwenye Windows ongeza -t isikatike), kisha pandisha faili kubwa kutoka kompyuta nyingine. Milisekunde zikiruka kutoka 20 hadi mamia, umeshampata mchawi.

Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu inayoandikwa QoS au SQM, na kuweka kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi uliyopima. Hapo foleni inahamia kwenye ruta, na ruta yenye fq_codel au CAKE (mbinu za kupanga foleni), kama zile zenye programu huria ya OpenWrt, hutenga foleni kwa kila mazungumzo ili mdogo asimezwe na mkubwa. Ruta yako haina? Weka kikomo ndani ya programu yenyewe ya kuhifadhi, au iache ifanye kazi usiku.

(Na ukichomeka ruta ya pili ili kuongeza Wi-Fi, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, na utumie tundu la LAN, la sivyo utakuwa na NAT juu ya NAT.)

Kama ping inaruka hata wakati hakuna anayepandisha kitu, chomeka kebo na upime tena. Ikitulia, shughulikia Wi-Fi. Ikiwa imetulia kote na bado kushusha kunasuasua kila mtu akiwa hewani, basi sawa, nunua hicho kifurushi.