Sabuni nzito, asali nzito: uzito si mmoja

Mwezi uliopita nilikuwa likizo nyumbani Tabora. Kabla sijamaliza chai, mama mdogo akaniwekea ndoo miguuni. "Mwanangu, si ndiyo kazi yako hii, vitu vya kunata? Hebu itazame." Ndani mlikuwa na lita 20 za sabuni ya maji ya kikundi chao cha Ng'ambo, nyepesi kama maji ya kunawa.

CMC waliyoizoea, ule unga wa kuipa sabuni uzito, ilikuwa imekwisha dukani. Wakanunua kwingine, wakapima gramu zilezile, sabuni ikagoma kushika. Wakatia chumvi, ikaanza kuwa nzito. Wakafurahi, wakatia tena, ikaporomoka.

Nikaomba asali na bakuli la mlenda uliobaki jana. Watoto wakacheka, lakini tofauti yote imo humo. Asali ni nzito kwa sababu ni sukari nyingi kwenye maji machache. Maji hayafiki hata robo yake. Molekuli zake ni ndogo. Ikoroge polepole au haraka, mnato wake ni uleule. Mlenda ni maji karibu wote, ila ndani yake mmetawanyika minyororo mirefu: polima. Ukiukoroga kwa nguvu unalainika, ukiuacha unarudi. Inua kijiko, uzi unavutika, na ukikatika hujirudi juu kama mpira. Asali haijirudishi hivyo.

CMC ni ya ukoo wa mlenda. Hutengenezwa kutokana na selulosi, ileile iliyomo kwenye pamba na mbao, ikabadilishwa kikemia ili iyeyuke majini. Ukitia kidogo sana, kila mnyororo hujikunja kivyake, mbali na mwenzake, na maji yanabaki karibu kama yalivyokuwa. Ongeza, itafika mahali mikunjo inagusana, kisha inapenyana na kusokotana. Hapo mambo hubadilika ghafla: nyongeza ndogo ya unga huleta mnato mkubwa kupita hesabu ya kawaida.

Fikiria nywele. Kichwa chenye nywele za nusu inchi hakihitaji mafuta wala machozi. Zirefushe mpaka mabegani bila kuzichana, uone. Wingi wa nywele ni uleule, kilichoongezeka ni urefu. Minyororo iliyosokotana ndivyo ilivyo. Mwaka 1971 Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alieleza kwamba mnyororo uliobanwa na wenzake hauwezi kwenda kando, hivyo hutambaa kwa urefu wake, kama nyoka kwenye matete. Nobel ya fizikia aliipata mwaka 1991. Kwa hesabu yake, kuongeza urefu wa minyororo mara mbili kunapandisha mnato mara 8. Vipimo vya maabara vinasema mara 10 hivi, kwa sababu ncha za mnyororo nazo hazitulii, zinachezacheza na kuachia baadhi ya vifungo mapema. (Mimi napenda nadharia inayokosea kwa kiasi hicho. Inaonyesha imeshika mzizi.)

Basi CMC ya duka la pili, kwa dhana yangu, ilikuwa ya minyororo mifupi. Aina hiyo ipo na ina kazi zake, lakini gramu kwa gramu huachwa mbali sana na ile ndefu. Kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo zote ni unga mweupe tu, na muuzaji hakuwa na la kuwaambia.

Chumvi ndiyo iliyonichukua muda kueleza, maana ina sura mbili. Minyororo ya CMC ina chaji hasi mwili mzima, na chaji zinasukumana, ndiyo maana hujinyoosha. Chumvi huzifunika chaji hizo, mnyororo ukajikunja, mnato ukashuka. Limau kwenye mlenda hufanya jambo la jamaa moja: asidi huzima chaji, utelezi ukapungua. Kwa slesi, kiungo cha sabuni kinachosafisha na kutoa povu, ni kinyume. Molekuli zake hukusanyika vidonge vidonge, vichwa vyenye chaji vikiwa nje. Chumvi ikipunguza ugomvi wa vichwa, vidonge hurefuka vikawa kama minyoo, na minyoo nayo husokotana kama polima. Ndipo sabuni ikawa nzito. Chumvi ikizidi, minyoo huota matawi, na maungio ya matawi huteleza, hayashiki, mnato unashuka. Ndiyo lile poromoko.

Kutoa chumvi hatukuweza. Tulichanganya ndoo nyingine ya slesi bila chumvi hata chembe, tukaimimina kidogo kidogo kwenye ile iliyoharibika, tukipima kwa goroli: chupa mbili sawa, goroli mbili, nani anafika chini mwisho. Kipimo hiki hakidanganyi ila kina mipaka. Goroli hushuka polepole, kumbe pampu ya chupa husukuma haraka, na sabuni ya aina hii hulegea inaposukumwa haraka. Mbili zinazolingana kwa goroli zinaweza kuachana kabisa kwenye pampu. Pia tulipima asubuhi ya Julai, baridi ya Tabora mnaijua. Saa nane mchana sabuni ileile ilikuwa nyepesi zaidi, na mama mdogo akadhani nimemdanganya.

Kwa CMC mpya niliwaachia utaratibu huu: inyunyizwe kwenye maji matupu huku mtu anakoroga, isimwagwe kwa mkupuo, maana ganda la nje hulowa kwanza na kufungia unga mkavu ndani ya donge. Ilale usiku kucha. Chumvi iyeyushwe pembeni, iingie mwisho kabisa, kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko kifuatwe na goroli.

Jana amenipigia simu. Ndoo mbili zimeuzwa, na goroli moja mjukuu ameimeza.