Manifoldi haipitishi oili: kwa nini basi huvujisha oili?

Je, wajua kwamba katika injini nyingi za zamani za V8 oili huvuja mara kwa mara kutoka chini ya manifoldi ya hewa, ambayo kazi yake ni kugawa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi kwenye silinda, na wala haina njia ya kupitishia oili?

Tuichukue injini ya Chevrolet V8 iliyoingia sokoni mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa lita 4.3. Silinda zake nane zimepangwa safu mbili zilizoinamiana kwa nyuzi 90, na katikati ya safu hizo kuna bonde. Humo bondeni ndimo tapeti, yaani vipande vidogo vinavyosaidia kufungua vali, hupanda na kushuka zikisukumwa na kamshafti (mhimili unaozunguka wenye vinundu), na ndimo humwagikia oili inayorudi kutoka kwenye silinda hedi (vifuniko vya juu vya silinda) kabla ya kuteremka hadi kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Bonde hilo halina mfuniko wake lenyewe. Manifoldi ndiyo mfuniko.

Pande zake mbili ndefu hulala kwenye silinda hedi juu ya gasketi pana (karatasi ngumu ya kuziba maungio) na kukazwa kwa bolti 12. Pande mbili fupi, ya mbele na ya nyuma, hupita juu ya kuta za bloku, yaani mwili mkuu wa injini, bila kushikwa na bolti hata moja, na hapo ndipo penye shida. Kiwandani ziliwekwa sili (vizuizi vya kuvuja) za gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa au za mpira, ambazo hutegemea kubanwa tu. Zikilowa oili huteleza, na manifoldi inapokazwa, sili hizo huchomoka kama sabuni mkononi. Tena, hedi zikiwa zimewahi kuchongwa ili kusawazisha nyuso zake, nafasi juu ya kuta hizo hupungua, hivyo sili huwa nene kupita kiasi na kuinyanyua manifoldi, nazo gasketi za pembeni zikakosa kubana sawasawa.

Ndiyo maana mafundi wengi huziacha sili hizo kwenye pakiti na kutumia silikoni ya injini, ile inayokauka kwa unyevu wa hewa. Mimi naona wako sahihi, mradi nyuso zisafishwe kwelikweli. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa dawa ya kusafishia breki kipitishwe ukutani tena na tena mpaka kitoke bila doa, kwa sababu silikoni haishiki penye oili. Kisha huchorwa mstari mmoja usiokatika, wenye unene wa milimita 6 hivi, unaopanda kwenye kila kona na kuilalia ncha ya gasketi ya pembeni. Kona hizo nne, ambako bloku, hedi na manifoldi hukutana, ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Kuzidisha silikoni nako ni hatari, maana mabonge yake yakidondokea bondeni yanaweza kufika hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba.

Manifoldi hushushwa wima, kwa kuwa ikiburutwa hata kidogo mstari ule hufutika. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, kwa awamu, hadi takriban nyutonimita 40 kwa spana ya kupimia, kisha gari huachwa lilale hadi kesho yake.

Kosa linaloniuma zaidi hufanyika hata kabla ya kazi hii kuanza. Oili inayotoka ukuta wa nyuma huteremka mgongoni mwa bloku na kudondoka pale gia boksi inapoungana na injini, hivyo sili ya nyuma ya krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ndiyo hulaumiwa, na kazi kubwa ya kuibadilisha hufanywa bure. Fundi mwangalifu hufuta kwanza mgongo wote wa injini, huiwasha kwa dakika chache, kisha humulika kwa tochi na kioo kidogo kuanzia juu, bila kusahau gasketi ya distribyuta, kifaa cha kugawa umeme kwenye plagi, iliyo hapo hapo karibu. Vilevile huikagua vali ya PCV, inayoutoa moshi uliomo ndani ya injini. Ikiziba, moshi unaopenya kando ya pistoni hukosa pa kutokea, na shinikizo lake huisukuma oili ipite hata kwenye silikoni iliyowekwa vizuri.

Injini ya V8 ya Toyota aina ya 2UZ, iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi, haina tatizo hili, kwa kuwa kamshafti zake ziko juu kwenye hedi na bonde lake ni kavu, kiasi kwamba staata imewekwa humo chini ya manifoldi. Chevrolet wenyewe waliziacha tapeti bondeni, ila katika injini ya LS1 ya mwaka 1997 walilipa bonde mfuniko wake wa pekee, na manifoldi ikabaki na kazi ya hewa peke yake.