Santiago hakwenda kupigana na bahari

Juzi nilimaliza kusahihisha insha za wanafunzi wangu kuhusu Mzee na Bahari, riwaya fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1952, na karibu kila karatasi ilianza vilevile: "Riwaya hii inasimulia vita kati ya binadamu na maumbile." Maneno hayo nayasikia kila mwaka. Nayasikia kwa wanafunzi, kwa wazazi waliokisoma kitabu zamani, hata kwa walimu wenzangu tukinywa chai. Safari hii nimeona niandike, maana anayeanza na sentensi hiyo huwa ameshakifunga kitabu kabla hajakifungua.

Vita huhitaji adui. Haya, tumtafute huyo adui.

Santiago, mvuvi mzee wa Cuba, anatoka pwani alfajiri ya siku ya 85. Siku 84 zimepita hajapata samaki. Bado giza, anapiga makasia, na anaiwaza bahari kwa jina la la mar. Kihispania hugawa majina kwa jinsia, na la mar ni ya kike. Ndivyo wanavyoiita wanaoipenda, hata wanapoilaumu. Vijana walionunua mashua za injini, enzi maini ya papa yalipokuwa yakileta pesa nyingi, wao husema el mar, ya kiume. Kwa vijana hao bahari ni mshindani, ni mahali tu, au hata adui. Kwa mzee ni kama mwanamke anayetoa fadhila kubwa au kuzizuia, na akifanya ukali ni kwa kuwa hawezi kujizuia.

Msomaji wa Kiswahili asimame hapo kidogo. Bahari yetu haina uke wala uume, iko kwenye ngeli yake pamoja na nyumba na barua, kwa hiyo aya hiyo hupita masikioni bila kugonga popote. Lakini aya hiyo ndiyo jibu. Neno "adui" limo kitabuni, na mwandishi ameliweka vinywani mwa watu wengine, wasiokuwa Santiago. Mwanafunzi anayeandika "vita na maumbile" amechukua maneno ya wale vijana wa mashua za injini akamvisha mzee.

Soma anavyoishi na viumbe huko nje. Ndege mdogo wa nchi kavu anakuja amechoka, anatua kwenye mshipi. Mzee anamuuliza umri wake, na kama hii ndiyo safari yake ya kwanza. Kasa na ng'amba anawapenda, duvi, kasa wa aina nyingine, anawadharau kwa dharau ya kirafiki. Anawahurumia wote. Watu wengi hawamwonei kasa huruma, kwa kuwa moyo wake huendelea kupiga saa nyingi baada ya kuchinjwa na kukatwakatwa, lakini mzee anajiambia kuwa moyo wake ni wa namna hiyo, na mikono na miguu yake ni kama ya kwao. Na mayai ya kasa anayala. Mwezi wa Mei mzima anayala, apate nguvu za kukabili samaki wakubwa wa Septemba na Oktoba.

Hapo ndipo wengi hukwama. Wanadhani udugu na kisu havikai pamoja, hivyo wakiona kisu wanasema vita. Mtu aliyekulia nyumba ya wavuvi hashangai. Kuna kumbukumbu moja ya mzee ambayo huwa nawasomea wanafunzi polepole, mara mbili. Aliwahi kumnasa nduaro, samaki mkubwa mwenye mdomo kama upanga, jike aliyekuwa na dume lake. Dume huliacha jike kula kwanza, ndiyo maana jike ndiye aliyenaswa. Muda wote wa purukushani dume halikuondoka. Lilizunguka pamoja naye karibu na uso wa maji. Jike lilipopandishwa mashuani, dume liliruka juu hewani kando ya mashua lione mwenzake yuko wapi, kisha likazama chini kabisa. Mzee anasema hilo ndilo jambo la huzuni kuliko yote aliyowahi kuyaona kwa nduaro. Kijana Manolin, aliyekuwa akivua naye, pia alihuzunika. Wakamwomba jike radhi, wakamchinja mara moja. Radhi na kisu vimo katika sentensi moja, na katikati yake hamna "lakini".

Kisha anakuja samaki wake mwenyewe, urefu futi 18, futi mbili zaidi ya mashua. Wanavutana siku mbili usiku na mchana, mshipi umepita mgongoni mwa mzee, mkono wa kushoto umekakamaa. Anamwita ndugu. Anamhurumia kwa kukaa bila kula. Anajiambia kuwa kati ya watu watakaomla samaki huyu hakuna anayestahili, kwa ukubwa wa heshima yake. Anashukuru kwamba binadamu hatakiwi kujaribu kuua jua, mwezi au nyota. Inatosha kuishi na bahari na kuua ndugu zetu wa kweli. Askari gani huwaza hivyo juu ya adui?

Najua wanachonijibu. Wananiletea ule msemo maarufu, kwamba mtu anaweza kuangamizwa lakini hashindwi. Umeandikwa kwenye fulana na kuta za madarasa. Basi naomba jambo moja tu: soma sentensi inayofuata. Mzee anautamka akiwa amemuua papa wa kwanza, mako, na papa huyo ameshazama na chusa na kamba yote. Papo hapo, pumzi hiyohiyo, anawaza kwamba anasikitika kumuua yule nduaro. Baadaye anajiuliza kama ilikuwa dhambi. Anakiri kuwa hakumuua kwa ajili ya chakula na kuuza tu. Alimuua kwa fahari, na kwa sababu yeye ni mvuvi. Ukimpenda si dhambi kumuua, anawaza. Au ni zaidi ya dhambi? Kitabu hakijibu. Papa wanapokuwa wameshamla nusu, anamwomba samaki radhi kwa kwenda mbali mno, kwamba amewaharibu wote wawili. Mwenye kusema "vita" huliruka swali hilo zito, namna mtu anavyomuua anayempenda na kisha akaendelea kuishi, na kwangu mimi bila swali hilo kitabu hakipo.

Ushauri wangu ni uleule ninaoutoa kila mwaka. Chukua penseli, weka alama kila mahali mzee anapomsemesha kiumbe, anapomhurumia au anapomwomba radhi. Ukimaliza, ndipo uandike sentensi yako ya kwanza.

Dhana nyingine potofu kuhusu kitabu hiki nazipitia kwa haraka.

Eti papa ni wahakiki waliomshambulia Hemingway. Mwaka huohuo wa 1952 alimwandikia Bernard Berenson, mjuzi wa sanaa, kwamba hakuna ishara yoyote: bahari ni bahari, mzee ni mzee, papa ni papa. Simkatazi mtu kuona zaidi. Mzee anapopanda kilima na mlingoti begani na kulala viganja vikitazama juu, ni vigumu kutomkumbuka Kristo. Ila anza na papa mwenyewe. Mako amesifiwa kuwa mzuri kila mahali isipokuwa mataya, na mzee anakiri kwamba papa huyo anaishi kwa kula samaki hai kama yeye. Galano, papa wa aina nyingine waliokuja baadaye, ndio anaowachukia waziwazi, na hilo si la kuficha.

Eti Santiago ni Gregorio Fuentes, nahodha wa Pilar, mashua ya Hemingway. Fuentes alizaliwa Lanzarote, kisiwa cha Hispania, mwaka 1897 na kufariki mwaka 2002, na watalii wengi walimfuata Cojímar, kijiji cha wavuvi karibu na Havana. Lakini kiini cha kisa kilichapwa tangu 1936 katika jarida la Esquire, wakati Fuentes hajafikisha miaka 40. Ni habari ya mzee mmoja aliyekuwa akivua nje ya Cabañas, pwani ya Cuba, akaburutwa na nduaro mbali sana. Wavuvi walimkuta maili 60 mashariki, samaki ameliwa zaidi ya nusu, mzee analia mashuani, papa bado wanazunguka. Linganisha na riwaya: Hemingway amemwondolea mzee wake wale waokoaji na yale machozi. Santiago anarudi peke yake, akiongoza mashua gizani kwa kufuata mng'ao wa taa za Havana.

Eti kitabu hiki ndicho kilichopata Nobel. Kilipata Pulitzer mwaka 1953. Nobel ya 1954 alipewa mwandishi kwa ufundi wake wa kusimulia, na kitabu hiki kikatajwa kama mfano wa karibuni.

Eti alishindwa. Yeye mwenyewe anasema walimshinda. Kijana anamjibu kwamba yule samaki hakumshinda, na mzee anakubali: hapana, ilikuwa baada ya hapo. Kisha wanapanga kazi. Kichwa kwa Pedrico, akitumie kwenye dema zake. Upanga wa samaki kwa kijana. Mkuki mpya utatengenezwa kwa springi ya Ford kuukuu na kunolewa Guanabacoa, mji wa jirani.

Na dhana potofu ya mwisho imo ndani ya kitabu chenyewe. Alasiri ile watalii wako mkahawani, na mwanamke mmoja anaona kule chini, kati ya makopo matupu ya bia, uti wa mgongo mrefu mweupe wenye mkia mkubwa ukipandishwa na kushushwa na maji. Anamuuliza mhudumu ni nini kile. Mhudumu anataka kumweleza yaliyotokea, anaanza kwa kutaja papa. Mwanamke anaridhika hapo. Anasema hakujua kama papa wana mikia mizuri hivyo, na mwanamume aliye naye anasema hata yeye hakujua.